Kura Moja ya Watu Wawili

Karatasi yetu ya kura ilikuwa imeshachukuliwa nilipofika. Bernadine, aliyekuwa akiandikisha wanachama wa ushirika wa umeme mlangoni mwa ukumbi wa mpira wa kikapu wa sekondari, alipitisha kalamu kwenye majina, akasimama kwenye jina letu, Haugstad, kisha akainua macho na kunitazama kama mtu anayetaka kutoa pole asijue aanzie wapi.

"Orrin alishapita hapa, Corinne. Ameshachukua."

"Lakini mimi ndiye ninayegombea," nikamwambia.

"Najua, dada. Ila mke na mume ni mwanachama mmoja, kura moja. Aliyetangulia ndiye mwenye karatasi." Akashusha sauti. "Si umtafute tu umwombe? Mtu mwenyewe mumeo."

Mumeo. Wote waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu walijua kwamba mume huyo alihamia mjini kwa kaka yake tangu mwezi wa pili, na wote wakaanza kukung'uta matope kwenye buti ambazo walishazikung'uta nje. Nilisubiri nione aibu. Haikuja. Nilisubiri hata hasira, nayo haikuja. Nikachukua beji yenye jina langu, nikaibandika kifuani, nikaingia ndani kutafuta kahawa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa tangu Disemba. Nilikula, nililala, nililisha kuku, niliitikia salamu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli haikuwa hali mbaya sana. Mtu akiniuliza habari nilimjibu si mbaya, na hilo ndilo jibu la kila mtu huku Dakota Kaskazini hata akiwa amevunjika mguu, kwa hiyo hakuna aliyegundua tofauti.

Kiti kilichokuwa kikigombewa kilikuwa cha baba mkwe wangu, Melvin. Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya ushirika wetu wa umeme kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto wa eneo letu walidhani umeme ni wake. Naye alikuwa na sharti moja alilojivunia mezani kila alipokuja mgeni: dhoruba ikiangusha nguzo, nyumba yake irudishiwe umeme ya mwisho kabisa, watu wasije wakasema mwenyekiti anajipendelea. Mafundi walilijua sharti hilo na walilishika. Kisha mapafu yake yakachoka, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni katika chumba cha chini nyumbani kwetu shambani. Sharti halikubadilika.

Disemba ikaja mvua ya barafu. Nguzo zililala chini barabara nzima, nyingine zimevunjika katikati. Mwanzoni tulikuwa na mitungi ya akiba, lakini akiba ni akiba tu. Jenereta iligoma kwa kuwa dizeli ilikuwa imeganda. Simu ya Orrin ilikuwa na chaji, na ushirika ulikuwa na gari la minyororo linaloweza kupita penye barafu yoyote. Ilitakiwa simu moja tu. Nilikuwa bandani nahangaika na jenereta, mikono imejaa mafuta, Melvin alipokata roho. Orrin alikuja mlangoni mwa banda akaniambia baba amekwenda, na kwamba alikataa tupige simu. Nikasema sawa. Ndilo neno nililosema, sawa. Tangu hapo sikulia, na Orrin hakunitazama usoni.

Sasa nilikuwa nagombea kiti cha Melvin ili niliondoe sharti la Melvin. Nilitaka kanuni moja tu, kwamba nyumba yenye mgonjwa wa mashine ifikiwe kwanza, mwenye nyumba awe yeyote. Mpinzani wangu alikuwa shemeji yangu Lyle, kaka mkubwa wa Orrin, aliyesimamishwa na familia ili kiti kisitoke nyumbani. Na kila mtu ukumbini alijua ningemshinda kwa njia gani. Kila mgombea hupewa dakika chache za kusema. Nikisimama nikaeleza jinsi Melvin Haugstad alivyokufa kwa kiburi chake mwenyewe, watu wangenipa kura hata kwa huruma. Na kila mtu alijua pia kwamba nikisema hivyo, Orrin harudi tena. Huwezi kumwanika baba wa mtu mbele ya ushirika mzima kisha ukategemea mtoto wake aje akuchemshie kahawa asubuhi.

Nilikuwa nimeamua kusema. Kwa mtu asiyehisi kitu, uamuzi ulikuwa mwepesi.

Mama mkwe wangu, Ardis, alinikuta kwenye meza ya vyakula. Aliishi nasi shambani mpaka msiba, kisha akahamia kwa Lyle, na tangu jina langu litangazwe alikuwa akisema nami kupitia watu. Kwanza alimtuma mchungaji, aliyekunywa kahawa yangu yote akaondoka bila kuthubutu kutaja alichotumwa. Kisha akamtuma mke wa Lyle. Kisha dada yake kutoka Minot, ambaye hata umeme wetu hatumii. Leo alikuja mwenyewe, ameshika sahani ya lefse, ile mikate myembamba ya viazi anayooka yeye, akaniwekea miwili.

"Umekonda," akasema.

"Nakula, mama."

"Unakula nini, peke yako kule?" Alipanga upya vijiko vilivyokuwa vimepangwa vizuri. "Corinne, mimi sina neno na wewe kugombea. Lyle akishindwa atalala usingizi mzuri, kiti chenyewe hakitaki, mimi ndiye niliyemsukuma. Nakuomba kitu kimoja. Mwache Melvin apumzike."

"Nitasema ukweli tu."

"Ukweli gani? Wewe hukuwepo chumbani."

"Orrin alikuwepo. Amesema baba alikataa."

Nilimwona akinitazama, kisha macho yake yakanikwepa, yakaenda kwenye birika la kahawa na kubaki huko. "Alikataa, ndiyo," akasema. "Alikataa kwa heshima zake. Watu wote humu wanamkumbuka kwa hilo, wanamwamkia Lyle kwa hilo. Ukimvua hilo atabaki na nini? Mimi nitabaki na nini?"

Mimi wa zamani ningeweka kikombe chini nikamkumbatia. Nilimpenda mama yule, alinifundisha kuoka, aliniuguza nilipopoteza mimba ya kwanza na hakunihesabia wema huo hata siku moja. Nilimwangalia anavyovipanga tena vile vijiko, nikajua kwamba ninapaswa kumhurumia. Nikamwambia nitafikiri. Huku kwetu hiyo maana yake ni hapana, na yeye alijua, akabeba sahani yake akaenda zake.

Orrin alikuwa upande wa pili wa ukumbi, chini ya goli, kofia mkononi. Nilimwona kabla hajaniona, nikapata nafasi ya kumkagua. Shati lilikuwa lile la bluu nililomnunulia mimi, kola haijapigwa pasi. Nywele bila shaka alikatwa na mke wa Lyle, maana upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine. Alikuwa amepungua mashavu. Watu walipita wakimpa mkono, naye aliupokea kila mkono, akautikisa, akaurudisha, huku macho yake yako mbali.

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama hivyo hivyo ukutani kwenye dansi, mtu mrefu ambaye hajui aweke wapi urefu wake. Nilivuka ukumbi mzima kumfuata kwa kuwa nilijua yeye hatavuka. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia masikioni, na alipoinua macho akaniona nakuja, uso wote ulimbadilika rangi, akaangusha kofia, akaiokota, akaiangusha tena. Usiku ule nilimwambia dada yangu kwamba nimempata mume. Sasa nilisimama na kikombe changu nikausikiliza moyo uleule. Ulikuwa unapiga, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Alikuwa akija shambani kila asubuhi kulisha ng'ombe, maana ng'ombe hawana habari na mambo ya kutengana. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni akipita na majani, pumzi yake ikitoka nyeupe. Hakuingia ndani hata siku moja. Akimaliza aligeuza pikapu, akanyanyua kidole kimoja juu ya usukani, salamu ileile anayompa kila anayepishana naye barabarani, akaondoka. Kuna asubuhi nilimwekea kahawa kwenye kikombe chake, nikaketi kuitazama ikipoa. Nilijiuliza kama ninamkosa. Nilijipapasa ndani nikatafuta, sikupata jibu, nikaimwaga ile kahawa.

Nikauvuka ukumbi.

"Una karatasi yangu," nikamwambia.

"Yetu," akasema, macho kwenye kofia.

"Utampigia kura Lyle?"

"Mama anataka nimpigie Lyle."

"Sijakuuliza mama anataka nini."

Akatazama huku na huku. Watu walio karibu walikuwa wamejikausha, kila mmoja ameshika sahani yake na hakuna anayetafuna. Akasema tutoke kidogo. Tulisimama kwenye korido ya shule, mbele ya kabati la vikombe vya ushindi, sakafu inanuka nta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili kusimama karibu kiasi cha kusikia harufu yake, na alikuwa ananuka sabuni ya nyumba ya watu wengine.

"Utasema habari za baba," akaanza.

"Nitasema."

"Utawaambia alikataa."

"Si ndivyo ulivyoniambia?"

Akanyamaza. Orrin ni mtu wa kunyamaza, na kwa miaka ya ndoa yetu nilijifunza kuutambua kila ukimya wake, wa uchovu, wa kununa, wa kutafuta neno la mapenzi asilipate mpaka akaishia kunitengenezea bawaba ya mlango. Huu sikuwahi kuukuta.

"Nilimuuliza mara mbili," akasema.

"Nini?"

"Baba. Kuhusu simu. Nilimuuliza mara mbili, Corinne."

Huku kwetu mtu akikukaribisha kahawa unakataa. Akikukaribisha tena unakataa, unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu ndipo unakubali, nusu kikombe tu, kama ipo. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anayekubali mara ya kwanza hana adabu, na anayekaribisha mara mbili akaishia hapo hakuwa anakaribisha. Melvin alilijua. Orrin alilijua. Nikakiweka kikombe changu juu ya kabati.

"Mara ya kwanza nilimwambia, baba, nipige simu? Akasema hapana, wapo wenye watoto wachanga. Baadaye nikamwambia, baba, acha nipige tu. Akasema usiwasumbue watu." Orrin alikuwa anaikunja kofia yake kama nguo inayokamuliwa. "Halafu akanitazama. Akakaa hivi, ananitazama tu. Alikuwa anangoja."

"Na wewe?"

"Nikaanza kukunja blanketi."

Hakuinua sauti. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza jinsi trekta lilivyoharibika. "Niliogopa atakubali. Unanielewa? Angekubali ingebidi nipige mimi, niwaambie wale jamaa waache nyumba za watu waje kwa mwenyekiti. Niliwaona kichwani mwangu wakicheka. Niliona aibu. Nikasema ngoja, nitamuuliza baada ya muda kidogo. Nilikunja lile blanketi vizuri sana. Nilipogeuka alikuwa amefumba macho."

"Labda hata mara ya tatu angekataa."

"Labda. Mimi sitajua tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama."

"Sasa si nakutazama?"

"Unanitazama, lakini humo machoni hamna mtu," akasema. "Ndiyo maana nimeweza." Akatoa karatasi ya kura mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. "Waambie, Corinne. Waambie yote na jina langu ulitaje. Nimechoka kupewa mkono. Na hii chukua, mpigie unayemtaka."

Sikuichukua. Nilimwambia akae nayo mpaka nimalize kusema. Nilikuwa naangalia vidole vyangu, maana vilikuwa vimeanza kuuma. Kila aliyekulia huku anayajua maumivu hayo. Ukiwa nje kwenye baridi hayapo, vidole vinakuwa kama si vyako. Huanza ukishaingia ndani karibu na jiko, damu inaporudi, na mtu mzima anaweza kulia. Sikulia. Nilisugua mikono kwenye sketi, nikarudi ukumbini kwa kuwa nilisikia jina langu likiitwa.

Lyle alitangulia kusema. Alisema baba yao alikaa kwenye kiti kile kwa uaminifu, na kwamba yeye akichaguliwa atajitahidi, na kwamba keki za mwaka huu ni nzuri kuliko za mwaka jana. Watu wakampigia makofi ya kiasi. Kisha nikasimama mimi mbele ya kipaza sauti. Ardis alikuwa mstari wa kwanza, mkoba juu ya magoti, ameushika kwa mikono miwili. Orrin alikuwa mlangoni.

Maneno niliyokuwa nimeyapanga miezi yote yalikuwepo, yamejipanga vizuri. Niliyaangalia nikaona hayafai tena.

"Nilikuja kuwaambia kwamba baba mkwe wangu alikufa kwa kiburi," nikasema. "Kumbe si kweli, kwa hiyo sitasema."

Ardis akainua kichwa.

"Mashine yake ilipozimika tulimuuliza kama tupige simu. Tulimuuliza mara mbili."

Sikuongeza kitu. Hapakuwa na haja. Vijiko viliacha kugonga vikombe. Mzee mmoja mstari wa tatu alivua kofia yake, na wanawake wa kanisani waliokuwa wakimimina kahawa walisimama na mabirika yao hewani. Hakuna aliyeuliza maana yake, na hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanatazama magoti yao, na nilijua kila mmoja anamkumbuka mtu wake aliyemuuliza mara mbili akashukuru alipokataliwa.

"Msiniulize ni nani kati yetu. Ilikuwa nyumba moja," nikaendelea. "Nataka kanuni moja. Nyumba yenye mgonjwa wa mashine, umeme urudi pale kwanza, na asiulizwe mtu. Asiulizwe, asiombe. Sisi si watu wa kuomba na sidhani kama tutaanza leo. Basi fundi aende tu. Nimemaliza."

Hawakupiga makofi. Mtu mmoja alikohoa, mwenyekiti wa mkutano akasema haya, asante, basi tupige kura, na kalamu zikaanza kupita.

Nilikwenda kuketi juu kwenye viti vya ngazi. Orrin akaja akaketi upande uleule, akaacha katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Nikamwona Ardis anapanda ngazi polepole, mkoba mkononi, anakataa kila anayetaka kumshika kiwiko. Akafika, akaketi kwenye ile nafasi.

"Nani alikuwa anamuuliza?" akasema, macho mbele.

"Sisi," nikajibu.

"Mimi, mama," akasema Orrin.

Akatikisa kichwa kukubali. Akafungua mkoba, akaufunga. Nilisubiri amlaani mwanawe, au anilaani mimi kwa kulitoa jambo lile hadharani.

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia ya kwanza. Nikasikia ya pili. Nikasimama na taulo mkononi nangoja ya tatu." Akaukumbatia mkoba. "Ningeweza kuingia nikamuuliza mimi. Mume wangu, jamani, ningemuuliza mimi. Nikasema baba anaongea na mwanawe, nisijiingize."

"Mama," akasema Orrin. Ardis akamwekea mkono gotini akauacha. Alikuwa anamtazama kwa mara ya kwanza, na nikaelewa kwa nini alimtuma mchungaji, na dada yake wa Minot, na watu wote wale. Miezi yote wameishi nyumba moja kwa Lyle, wanapitishiana chumvi mezani, kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu ambacho wote wawili wanacho. Na mimi kule shambani nilikuwa nimemhukumu maiti.

"Nipe kalamu," akaniambia.

Alipiga kura yake ameizibia kwa kiganja, akaikunja, akashuka nayo ngazi. Mpaka leo hajasema alimpigia nani, na mimi sijamuuliza.

Tukabaki wawili na karatasi moja. Orrin aliikunjua juu ya goti lake, akanipa. Nikamrudishia.

"Andika wewe," nikasema.

"Nimwandike nani?"

"Umtakaye. Si ndiyo kura."

Aliweka alama kwenye jina langu, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku mwenyewe, na kwa jinsi alivyoshuka zile ngazi, akishikilia chuma kama mzee, nilitaka kumfuata. Nilitaka. Nilikaa pale nikikushangaa huko kutaka kwangu mwenyewe, kwa kuwa sikuwa nimetaka kitu tangu mwaka jana.

Kura zilipokuwa zikihesabiwa walichezesha bahati nasibu ya zawadi kama kawaida. Bernadine alipata kikaango cha umeme. Lyle alipata blanketi la umeme, akalivaa mabegani kama mfalme, watu wakacheka kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe, wakishukuru kupata cha kuchekea. Alikuwa bado nalo mabegani mwenyekiti wa mkutano aliposoma matokeo. Nilikuwa nimeshinda, tena kwa kura nyingi. Lyle alinijia na mkono mbele.

"Afadhali wewe, shemeji," akasema. "Mimi mkutano ukizidi nusu saa nalala." Kisha akainama karibu. "Na yule mtu wako, mchukue. Hali chakula, halali usingizi, anarekebisha bawaba za nyumba yangu zote na hakuna hata moja iliyoharibika."

Nilimtafuta Orrin ukumbini, sikumwona. Nilimkuta nje, amesimama kando ya pikapu yake kwenye matope ya Aprili, jua la jioni linamchoma machoni. Alikuwa amelia, na hakujificha. Aliponiona akajaribu kutabasamu, akanipongeza, akasema baba angefurahi, kisha akasema labda asingefurahi.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekasirika. Nilimkasirikia kwa lile blanketi. Nilimkasirikia kwa kunifanya nimlaumu mzee wa watu, kwa kunyamaza msimu mzima, kwa kila asubuhi aliyolisha ng'ombe akaondoka bila kugonga mlango, nami niko ndani mita chache tu na kikombe chake mezani. Hasira ilipanda, na machozi yakaja nayo, mengi, ya Melvin na ya kila kitu. Na katikati ya hasira hiyo nilimpenda mpaka nikaegemea pikapu yake. Hukasiriki hivyo kwa mtu aliyekwisha kukutoka moyoni.

Orrin alisogea hatua moja, akasimama. Aliyatazama machozi yangu akayasoma vibaya, kama kawaida yake.

"Nitakuja Jumamosi nichukue vitu vyangu vilivyobaki," akasema taratibu. "Kama hutaki kuniona nitamtuma Lyle."

"Jumamosi utanikuta nimeshapoa."

"Sijakuelewa."

"Njoo leo," nikamwambia, nikifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Nataka kukugombeza, Orrin. Nina mengi. Siwezi kukugombeza ukiwa kwa Lyle."

Alinitazama. Uso ulimbadilika rangi, na kofia ikamponyoka ikaangukia kwenye matope, hata hakuiona.

"Utanigombeza sana?"

"Sana. Leo sitamaliza."

Akazunguka akanifungulia mlango wa pikapu. Gari langu tukaliacha palepale shuleni, na njia nzima mpaka shambani nilimgombeza, naye alisema ndiyo kwa kila neno.